Upepo wa Siku Moja: Dhoruba ya Aprili 1872 na Historia ya Mrima

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulichunguza upya tukio moja la historia ya pwani yetu, nalo ni dhoruba iliyoipiga Unguja na sehemu ya Mrima tarehe 15 Aprili 1872. Tukio hili limetajwa mara nyingi katika vitabu vya historia ya Zanzibar, na aghalabu hutajwa kwa sentensi moja au mbili tu: kwamba upepo uliing'oa mikarafuu ya Unguja, na kwamba tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Habari hiyo ni kweli. Hata hivyo, jinsi inavyosimuliwa inatuachia maswali mawili. La kwanza ni la lugha: wenyeji wa pwani walikuwa na maneno gani ya kuueleza upepo wa namna ile? La pili ni la historia: je, ni upepo peke yake ulioihamisha karafuu, au nyuma ya upepo palikuwa na watu ambao sentensi zetu zimewasahau?

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu wa Kwale ajishughulishe na dhoruba ya Unguja. Jibu ni kwamba bahari iliyo kati yetu na Pemba ni nyembamba. Kutoka Wasini hadi ncha ya kaskazini ya Pemba ni kiasi cha kilomita 40 tu, safari ambayo mashua yenye upepo mwema huimaliza kwa saa chache. Mazrui wa Mombasa waliitawala Pemba na kula mpunga wake mpaka walipopokonywa katika miaka ya 1820, na baada ya kuanguka kwao mwaka 1837 tawi lao moja lilihamia Gazi, hatua chache tu kutoka Msambweni. Lahaja za Wasini, Vanga na Shimoni zina udugu wa karibu na lahaja za visiwani, kama wanavyoweza kuona wote waliosoma maandishi ya H. E. Lambert juu ya Kivumba na Kichifundi, na ya W. H. Whiteley juu ya Kipemba, ambayo yalitolewa katika miaka ya 1950. Kwa hiyo lililoifika Pemba halikukosa kuufikia Mrima, na tutaona kwamba katika miaka iliyofuata 1872 liliufika kwa njia ya huzuni.

2. Maneno ya pepo

Kabla ya kuieleza siku yenyewe, yatupasa kuyatazama maneno. Mwandishi wa makala haya alilelewa Msambweni katika nyumba ya babu mzaa mama, aliyekuwa nahodha wa mashua kabla macho hayajamchosha. Babu hakuwa na kalenda ukutani. Mwaka wake ulikuwa pepo mbili, kaskazi na kusi, na kati yake vipindi viwili vya mapumziko ambavyo hakuviamini sana.

Neno kusi lina maana tatu zisizotengana. Kwanza ni upepo utokao kusini. Pili ni majira ya upepo huo, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Tatu, kwa kuongezewa kiambishi cha mahali, ni upande wa dunia. Hali kadhalika kaskazi ni upepo, ni majira ya kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na ni upande. Lugha nyingi hutoa jina la upepo katika jina la upande. Kwetu yaonekana ni kinyume: upande ndio uliopewa jina la upepo. Mswahili wa zamani hakuujua kusini kwa dira, bali kwa kule kunakotoka upepo unaozirudisha jahazi za Arabuni na Bara Hindi makwao.

Kati ya pepo hizi mbili kuna kipindi kiitwacho malelezi, au maleleji kwa wengine, upepo unapokuwa haujakata shauri. Mabaharia hukiita pia tanga mbili, kwa sababu chombo huweza kutweka tanga kikaenda upande wowote katika pande mbili. Kuna matlai, upepo wa alfajiri utokao mashariki, na umande, upepo wa asubuhi utokao bara. Kuna shwari, bahari inapolala. Chombo chenyewe kina pande zake zinazohesabiwa kwa upepo: omo ni mbele, tezi ni nyuma, goshini ni upande unakotoka upepo, na demani ni upande unakokwenda. Hilo neno demani ni pia kamba ya tanga, na ni pia jina la majira ya mwisho wa kusi. Kwa mfano mmoja huu msomaji ataona jinsi chombo, upepo na mwaka vilivyofungwa pamoja katika msamiati mmoja.

Hizo ni pepo za kawaida, pepo za kazi. Kwa pepo zinazoharibu tuna maneno mengine. Dhoruba limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pigo. Tufani pia ni la Kiarabu, nalo hubeba ndani yake kumbukumbu ya gharika ya Nabii Nuhu. Kwa hiyo ni upepo pamoja na maji. Kimbunga ni neno la Kibantu, na ndilo lililochaguliwa siku hizi kuwa istilahi ya pepo kubwa za bahari zinazozunguka. Chamchela ni upepo mdogo uzungukao na kuinua vumbi na majani makavu uwanjani, ambao watoto hukatazwa kuukimbilia kwa sababu wazee huuhesabu kuwa ni pepo kwa maana ya pili ya neno hilo, yaani kiumbe asiyeonekana. Kwamba wingi wa upepo na jina la kiumbe huyo ni neno moja si jambo la kupita bila kuliangalia. Kitu kisichoonekana ila kwa kazi yake hupewa jina moja, kiwe kinang'oa mnazi au kinampandia mtu kichwani.

Tuyashike maneno haya tunapoiendea siku ya 1872, maana utaratibu wake wote wa kusi na kaskazi ulivunjwa siku hiyo kwa muda wa saa chache.

3. Siku yenyewe

Tarehe 15 Aprili 1872 ilikuwa Jumatatu. Kwa hesabu ya Kiislamu ulikuwa mwanzo wa Safar, mwaka 1289, mwezi ambao Waswahili huuita Mfunguo Tano. Kwa hesabu ya mabaharia yalikuwa malelezi: kaskazi imekwisha, kusi ndiyo inaanza. Huo ndio wakati ambapo bandari ya Unguja hujaa vyombo. Jahazi zilizokuja na kaskazi kutoka Omani, Hadhramauti, Kuchi na Bombay huwa zimeuza bidhaa zao, zimepakia pembe, sandarusi, boriti na karafuu, zinangoja kusi itulie ili zirudi.

Mtawala alikuwa Seyyid Barghash bin Said, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika kiti, maana alirithi baada ya kufa ndugu yake Majid mwezi Oktoba 1870. Balozi wa Uingereza kwa wakati ule, akikaimu, alikuwa Dk. John Kirk, ambaye taarifa zake ni miongoni mwa habari kuu tulizo nazo juu ya siku hiyo.

Upepo ulianza kuvuma kutoka upande wa kusi, na katika mwezi wa Aprili hilo halikuwa jambo la kumshtua mtu. Lakini ulizidi kukaza mpaka paa za makuti zikaruka, minazi ikakatika na nanga zikaanza kung'oka. Kisha ukaja utulivu wa ghafla. Baada ya utulivu huo upepo ulirudi kutoka upande wa pili, kwa nguvu kama zile au zaidi, ukamaliza kile ambacho kusi ilikibakisha.

Leo twaweza kueleza sababu. Pepo kubwa za namna hii, kusini mwa ikweta, huzunguka kwa mwendo wa akrabu za saa, na katikati huwa na kitovu cha utulivu. Pepo hizo zinapotoka baharini kwenda magharibi, mji ulio mbele yake hupigwa kwanza na upande unaovuma kutoka kusini. Kitovu kinapoupitia mji, upepo hukoma. Kitovu kikishapita, mji huingia katika upande unaovuma kutoka kaskazini. Jambo ambalo kwa mwaka wa kawaida huchukua miezi mingi, yaani kusi kuondoka na kaskazi kushika zamu, siku ile lilitimia kati ya kucha na kuchwa. Nahodha aliyekitia nanga chombo chake kwa kukikinga na kusi alijikuta goshini kwake kumekuwa demani. Elimu yake yote ya pepo, iliyomlinda maisha yake yote, ilimwelekeza vibaya.

Karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini vilizama au vilisukumwa juu ya pwani. Miongoni mwavyo zilikuwamo meli za Sultani mwenyewe. Moja ilikuwa El Majidi, ambayo zamani ilijulikana kwa jina la Shenandoah, ikawa meli ya kivita ya majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kabla ya Seyyid Majid kuinunua. Chombo kilichozichoma meli nyingi za Wamarekani wa kaskazini kilitupwa pwani na kaskazi ya Unguja. Mjini nyumba za mawe ziliharibika, na nyumba za udongo na makuti ziliangushwa kwa wingi. Mashambani mikarafuu na minazi ililala chini safu kwa safu.

Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868 ilibomolewa, pamoja na vibanda vya watumwa waliokombolewa waliokuwa wakikaa hapo. Bara, mvua kubwa za msimu ule ziliujaza mto Ngerengere, ukaubomoa mji wenye ngome wa Simbamwene, karibu na pale palipo Morogoro leo. Mwandishi Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone, alipita katika matope hayo akaingia Bagamoyo tarehe 6 Mei.

Pemba ilinusurika. Upepo uliifikia, lakini haukuiharibu. Kwa upande wetu wa Vanga, Gazi na Msambweni, tuko kaskazini zaidi hata ya Pemba, na hapa jiografia yatusaidia kuelewa. Pepo hizi zinahitaji mzunguko wa dunia ili zipate kujisokota, na nguvu hiyo hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta. Chini ya digrii tano hivi huwa hafifu mno. Mji wa Unguja uko digrii sita na kitu kusini mwa ikweta. Pemba iko karibu na digrii tano. Msambweni iko digrii nne na nusu, na Diani ni pungufu ya hapo. Mpaka kati ya kisiwa kilichoangamia na kisiwa kilichopona haukuwekwa na mganga wala na dua, ijapokuwa hatuwezi kuwalaumu waliosema hivyo.

4. Nani aliyeihamisha karafuu?

Sasa tufikie sentensi ya vitabuni. Husemwa kwamba theluthi mbili hivi za mikarafuu ya Unguja ziliharibiwa. Bei ya karafuu, ambayo katika miaka ya 1850 na 1860 ilikuwa imeshuka kwa sababu ya mavuno kupita kiasi, ilipanda kwa ghafla. Pemba, ambayo hapo awali ilikuwa na mashamba machache na ilijulikana zaidi kwa mpunga wake, ikapandwa mikarafuu vilima kwa mabonde. Kufikia mwisho wa karne ile, robo tatu au zaidi ya karafuu zote za dola ilitoka Pemba. Kwa hiyo, husemwa, dhoruba iliihamisha karafuu.

Katika somo la sarufi tungeiuliza sentensi hiyo: kiima chake ni nini, na mtenda ni nani? Kiima ni dhoruba. Lakini dhoruba haikutenda ila jambo moja tu, nalo ni kuangusha miti. Yote yaliyofuata yalitendwa na watu. Mkarafuu huchukua miaka sita hivi au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Katika muda huo wote msitu wa Pemba ulipaswa kufyekwa, mashimo kuchimbwa, miche kupandwa, kutiliwa maji na kupaliliwa. Miti ilipozaa, vikonyo vilipaswa kuchumwa kwa mkono kimoja kimoja kabla maua hayajafunguka, kisha kuchambuliwa na kuanikwa. Upepo haulimi wala hauchumi.

Aliyelima na kuchuma alikuwa mtumwa. Kwa desturi ya mashamba ya visiwani alimfanyia kazi bwana wake siku tano, akaachiwa Alhamisi na Ijumaa alime konde lake. Aliyetoa fedha alikuwa aghalabu mfanyabiashara wa Kihindi, aliyemkopesha mwenye shamba kwa rehani ya shamba hilo hilo. Mwenye shamba alikuwa Mwarabu au Mswahili aliyepoteza kila kitu Unguja akatafuta pa kuanzia, au Mpemba aliyeona bei imepanda akaacha mpunga. Wanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu alichokitoa mwaka 1977 juu ya utumwa wa mashambani, na Abdul Sheriff, katika kile alichokitoa mwaka 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe, wamelieleza jambo hili kwa kirefu: karafuu ilikuwa biashara ya deni na ya utumwa, na dhoruba iliikuta hivyo. Kazi yetu hapa ni kuwaunga mkono kwa upande wa lugha. Tunapomfanya upepo kuwa kiima, tunawafuta wengine wote katika sentensi. Mtumwa hutoweka kwanza, maana hata kabla ya hapo alikuwa hatajwi ila kwa idadi.

Tatizo hili si la kitabu kimoja wala la lugha moja. Mwandishi huyu alisoma habari za 1872 kwa mara ya kwanza ng'ambo, alipokuwa akifanya shahada ya pili, katika vitabu vya Kiingereza, na humo upepo ndio uliotenda kila kitu. Aliporudi akavikuta vitabu vyetu vya shule vimeitafsiri sentensi ile ile bila kuigusa. Huenda Kiswahili kingetusaidia kama tungekiacha kifanye kazi yake, kwa kuwa vitenzi vyetu vina kauli zinazolazimisha kuuliza. Tukisema mikarafuu iling'oka, tumesema kweli. Tukisema iling'olewa, swali la nani limeingia, na jibu ni upepo. Lakini tukisema mikarafuu ilipandwa Pemba, swali ni lile lile, na jibu haliwezi kuwa upepo.

5. Mwaka 1873 na njia ya Mrima

Mkasa huu una jambo jingine lililoufanya kuwa mzito zaidi. Miezi tisa baada ya dhoruba, Januari 1873, Sir Bartle Frere aliwasili Unguja kutoka Uingereza kudai kwamba biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe kabisa. Barghash alitoa hoja ya dhoruba: nchi imekwisha kupoteza mashamba na meli zake, na kuinyima watumwa ni kuimaliza. Hoja hiyo haikukubaliwa. Baada ya kutishiwa kuzingirwa na manowari, Barghash alitia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale pale.

Hivyo mambo mawili yalikutana. Pemba ilihitaji watumwa wengi kuliko wakati wowote, na njia ya bahari ilifungwa. Matokeo yake ni kwamba watumwa walipitishwa kwa miguu. Misafara iliyotoka Kilwa haikupanda jahazi tena, bali ilifuata pwani kwenda kaskazini: Dar es Salaam, Bagamoyo, Pangani, Tanga, na mingine ikaendelea Vanga, Gazi, Mombasa mpaka Lamu na Benadiri. Afisa Mwingereza Frederic Elton, aliyesafiri kati ya Dar es Salaam na Kilwa mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, aliwahesabu njiani watumwa zaidi ya 4,000 katika muda wa mwezi mmoja. Kutoka Mrima, wale waliokusudiwa Pemba walivushwa usiku kwa mashua na madau, mahali ambapo mkondo ni mwembamba.

Hapa ndipo pwani yetu ya kusini inapoingia katika historia ya dhoruba. Upepo haukuutikisa mnazi mmoja wa Gazi kwa kadiri ya kuandikwa, lakini njia iliyopita Gazi ilijaa watu kwa sababu ya mashamba yaliyopandwa baada ya upepo. Mwaka 1874 Waingereza waliiweka bandarini Unguja manowari London, na mashua zake zilizunguka Pemba mchana na usiku kuviwinda vyombo vya magendo. Mwaka 1876 Barghash alitoa amri ya kupiga marufuku misafara ya watumwa ya pwani nayo. Magendo hayakuisha. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg, mkuu wa manowari hiyo, aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akijaribu kukikagua chombo cha watumwa. Utumwa wenyewe ulikuja kuondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Mtu akitembea leo kutoka Vanga kupitia Shimoni, Msambweni na Gazi hadi Diani, anaikanyaga sehemu ya njia hiyo. Yako majina ya mitaa na ya ukoo ambayo wenyewe hawapendi kuyaeleza asili yake mbele ya mgeni. Si kazi ya makala haya kuyafichua. Ila yatosha kusema kwamba mtoto wa Msambweni anayefundishwa shuleni kuwa karafuu zilihamishwa na upepo, huenda yeye mwenyewe ni kitukuu wa aliyezihamisha, au wa aliyepitishwa hapa njiani akabaki. Kumwambia kwamba ni upepo ni kumnyang'anya historia yake.

6. Maneno ya leo

Pepo za namna hii hazikukoma. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na Mikindani, kikaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania, kikafika Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimeanza kudhoofika. Idara ya hali ya hewa ya Kenya ilitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani yote, Kwale ikiwamo, na wavuvi wakatakiwa wasitoke. Ilikuwa kana kwamba bahari imekumbuka msimu wake: tena malelezi, tena wakati wa kusi kuingia.

Jina lenyewe liliwapa watu wa Msambweni sababu ya kucheka na ya kunung'unika. Katika Kiarabu hidaya ni uongozi wa njia njema; katika Kiswahili ni zawadi, aghalabu ile ya heshima. Mzee mmoja wa pwani aliuliza ni nani aliyeiomba zawadi hiyo. Lakini swali zito lilikuwa jingine. Katika siku chache hizo magazeti na redio ziliutaja upepo ule ule kwa maneno upepo mkali, dhoruba, tufani na kimbunga, moja baada ya jingine, kama kwamba ni visawe vya kupambia habari. Kwa mwanafasihi hilo ni uhuru. Kwa mvuvi mwenye mashua ni hatari, maana kila neno lapaswa kumwambia afanye jambo tofauti. Upepo mkali humtaka apunguze tanga. Dhoruba humtaka arudi pwani. Kimbunga humtaka aipandishe mashua juu kabisa, na asidanganyike na utulivu wa katikati.

Somo kubwa la 1872 kwa baharia ni hilo la utulivu. Msamiati wetu una jina la kila shwari la kawaida, lakini hauna jina maalumu lililozoeleka la shwari ya ndani ya kimbunga. Wataalamu husema jicho la kimbunga, nasi twaweza kulikubali. Hata hivyo jicho halimwambii mvuvi kwamba upepo utarudi kutoka upande wa pili. Pengine ingefaa tahadhari zetu zitumie maneno ambayo mvuvi anayajua tayari: kwamba upepo utaanza kusi, utalala, kisha utarudi kaskazi, na kwamba hatari iko katika kule kurudi. Sentensi hiyo haina neno geni hata moja, na yaeleweka Vanga kama Kizimkazi.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba dhoruba ya 15 Aprili 1872 ilivunja utaratibu wa kusi na kaskazi ambao lugha ya mabaharia imejengwa juu yake, na kwamba ndiyo sababu iliwakuta hata wajuzi bila kinga. Pili, kwamba kuhama kwa karafuu kutoka Unguja kwenda Pemba hakukuwa kazi ya upepo, bali ya watu, na wengi wa watu hao walikuwa watumwa, ambao baada ya mkataba wa 1873 walipitishwa katika njia za Mrima, na baadhi yao katika njia zetu za kusini mwa Kenya. Tatu, kwamba uchaguzi wa maneno, vitabuni na katika tahadhari za leo, si pambo. Huweza kumficha mtenda, na huweza kumpoteza mvuvi.

Yako mambo mawili ambayo idara zetu zingeweza kuyafanya bila gharama kubwa. Moja ni kuyakusanya maneno ya pepo na ya vyombo kutoka kwa manahodha waliobaki wa Vanga, Wasini, Gazi na Msambweni, kabla mashine na boti za plastiki hazijayafanya yasihitajike. Jingine ni kuisahihisha ile sentensi katika vitabu vya shule. Haihitaji kurefushwa sana. Yatosha kuandikwa kwamba mwaka 1872 upepo uliiangusha mikarafuu ya Unguja, na kwamba katika miaka iliyofuata watumwa waliipanda mingine Pemba.